Deni la marehemu baba na hekalu la Hurumzi

NILIPOISIMULIA habari hii kwa mara ya kwanza, barazani kwenye msikiti wetu hapa Dar es Salaam baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja alinyanyuka, akavaa viatu vyake na kuondoka bila kuaga. Mwingine, ambaye namheshimu kwa kuwa hakosi darsa, alibaki akaniuliza: "Ustadh, wao kule India wanavunja misikiti yetu, na wewe unawafuata hekaluni kuwapelekea pesa?" Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema maneno mengi, na maneno mengi si jibu. Naomba basi nafasi ya safu hii nijaribu tena, Insha'Allah, na anayeona nimekosea anisahihishe kwa hoja.

Mimi ni mzaliwa wa Kitura, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Marehemu baba alikuwa Myao wa Tunduru aliyepanda milima ya Umatengo kufuata kahawa, akaoa huko na kufungua kiduka. Wamatengo wengi ni Wakatoliki, na sisi Waislamu tulikuwa nyumba za kuhesabu kwa vidole. Bidhaa za dukani baba alizifuata Songea mjini, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindu. Nasema Kihindu na si Kihindi tu, kwa sababu kule kwetu kila mwenye asili ya Bara Hindi tulimwita Mhindi, awe Bohora, Ismailia au Baniani. Baba alijua tofauti. Alituambia kwamba nyuma ya kaunta ya mzee yule kulikuwa na picha ya mungu wao Shiva, na kila asubuhi aliichomea udi kabla ya kufungua mlango.

Barabara ya Songea hadi Mbinga ni kilometa mia hivi, na siku hizo ilikuwa ya vumbi tupu. Masika lori lililala njiani siku mbili. Mzee yule alimpa baba bidhaa kwa mali kauli: chukua leo, lipa kahawa ikiuzwa. Hakukuwa na hati wala dhamana. Miaka mingi mambo yalikwenda hivyo bila tatizo. Ukaja msimu wa 1993, malipo ya kahawa yakachelewa, wakulima hawakupata chao, na mkulima asipolipwa mwenye kiduka naye halipwi. Katika daftari la baba, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu maana hakusoma shule ya serikali, iko orodha ya Novemba mwaka ule: sukari mifuko miwili, chumvi, sabuni za mche katoni mbili, mafuta ya taa dumu moja, kanga doti sita. Jumla Sh. 84,600. Chini yake hakuna alama ya kulipwa.

Baba alifariki mwaka 2018. Siku tatu kabla, aliniita peke yangu, akanionyesha daftari lilipo, akaniambia nilimalize lile. Sasa nitasema jambo ambalo barazani nililiruka. Sikulimaliza. Tulimzika, tukasoma hitima, tukagawana shamba la kahawa na nyumba, na deni likabaki ndani ya daftari, daftari ndani ya sanduku. Miaka sita. Kila mwaka nilikuwa na sababu: ada za watoto, ugonjwa, kodi ya nyumba. Mdogo wangu alisema deni lile limekufa, mwenyewe kashafunga duka na kuhama Songea, tena Baniani, nani atamtafuta?

Na mimi ndiye ninayesomesha watu mirathi! Ninajua vyema kwamba katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, Allah (s.w.) ameuweka mgawo wa warithi baada ya wasia na deni. Ninajua hadithi mashuhuri ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akajizuia kumswalia kwa sababu ya dinari mbili alizokuwa akidaiwa, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipozichukua juu yake. Ninajua kwamba shahidi aliyekufa katika njia ya Allah husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Hakuna mahali katika mafundisho hayo paliposemwa kwamba deni la mshirikina ni jepesi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki ngao yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa pishi thelathini za shayiri. Tunaipenda hadithi hiyo tunapotaka kueleza zuhudi yake. Hatuisomi tunapotaka kuulizana nani anatudai.

Kilichoniamsha ni ndoto, lakini ndoto si hoja, kwa hiyo naiacha.

Nilikwenda Songea. Duka limekuwa la vifaa vya simu. Jirani mmoja wa zamani akanipa namba ya mpwa wa mzee yule, nikapiga, nikaambiwa mjomba yu hai, anaishi Zanzibar kwa dada yake, macho yamepungua nguvu lakini akili timamu. Nikaeleza shida yangu. Kesho yake mpwa akanipigia: mzee amefurahi sana, anakumbuka Kitura, anamkumbuka baba kwa jina. Ila ana sharti. Anataka jambo hilo limalizikie Hurumzi, kwenye hekalu lao la Shiva, siku ya Jumatatu, ambayo kwao ndiyo siku ya Shiva. Alisema deni lililolala zaidi ya miaka thelathini halifungwi sebuleni.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Kama angesema njoo nyumbani au njoo dukani, nisingekuwa na la kuandika.

Nilifungua vitabu, na sitaki kumficha msomaji nilichokuta, kwa sababu ushahidi wa wale waliokasirika barazani si mwepesi. Sayyidna Umar (r.a.) imepokewa katika Bukhari kuwa aliwaambia Wakristo kwamba Waislamu hawaingii makanisani mwao kwa sababu ya masanamu yaliyomo. Ibn Abbas (r.a.) aliswali kanisani, lakini si katika lile lenye masanamu. Mtume (s.a.w.) alipofanya Umra ya mwaka wa 7 Hijria, Makka ikiwa bado mikononi mwa washirikina, alitufu Al-Kaaba lakini hakuingia ndani yake, na mwaka wa 8 alipoifungua Makka hakuingia mpaka masanamu yalipotolewa. Madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, yanataka idhini ya wenyewe, na yanakataza pale penye masanamu yanayotukuzwa. Wahanafi wanachukia. Upande wa pili, Ibn Qudama wa Wahanbali, katika Al-Mughni, ameona kwamba kuwepo kwa picha peke yake hakuharamishi kuingia, naye anasimulia jinsi Ali (r.a.) alivyoingia kanisani huko Sham na Waislamu wakala chakula walichoandaliwa, naye akawa anazitazama picha.

Basi mwenye kuniambia nimechukua kauli nyepesi, namkubalia. Niliichukua kwa sababu ya haja ya deni, na sikuichukua kwa matembezi. Wapo ndugu zetu siku hizi wanaoingia mahekaluni na simu zao, wanapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, wanapiga picha na kuzirusha kwa marafiki. Hao mimi siwatetei.

Nikavuka na boti ya Jumapili. Jumatatu asubuhi, nikiwa nimefunga sita za Shawwal, nikashika njia ya Hurumzi.

Mtu wa Ruvuma hapiti Hurumzi kama mtalii. Wenyeji husema jina hilo limetokana na neno uhuru, kwa kuwa hapo ndipo watumwa walipolipiwa wakaachwa huru. Watu wa Nyasa walifika kisiwa hiki wakiwa bidhaa, wakipitishwa Kilwa, na waliowashusha kutoka ziwani walikuwamo babu zangu Wayao, Waislamu wenye tasbihi. Forodha ya Sultani karne ya 19, kwa miongo mingi, ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu wa Kachchh. Kila pembe ya ndovu na kila kichwa cha mtumwa kilichotozwa ushuru kilipita katika vitabu vyao, na masultani wenyewe walikuwa wadaiwa wa nyumba hiyo. Mwaka 1860 Konseli wa Kiingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, na maelfu waliachwa. Hivyo katika kichochoro kile hakuna aliyekuwa na mikono safi, si mwenye hekalu wala mwenye msikiti. Nililifikiria hilo nikitembea, na kiburi nilichotoka nacho kwenye boti kikapungua kidogo.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa kama kwetu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuja kukumbuka methali tunayowafundisha watoto, kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa. Ni methali ya ajabu. Inakiri kwamba tunamhitaji mtu, na papo hapo inamtukana. Baba alikula kwa kiatu hicho miaka mingi na sikupata kumsikia akiitamka.

Mpwa akatoka akanikaribisha, nikaingia kwa idhini yao, nikasimama nyuma.

Ndani kulikuwa na harufu ya udi na maziwa. Shiva, ambaye wao humwita pia Mahadev, hawamwabudu kwa sanamu la mtu tu. Kitu kikuu kwao ni jiwe jeusi la mviringo lililosimikwa, na juu yake chungu cha shaba kinachodondosha maji, tone baada ya tone, bila kukatika. Watu wanakuja na maziwa na majani ya mti wao maalumu, wanamimina, wanaweka, wanafumba macho. Mbele ya jiwe amelala ng'ombe dume wa jiwe wanayemwita Nandi, akilitazama. Kila anayeingia anagonga kengele. Mimi sikugonga. Sikuinamisha kichwa wala sikukunja mikono. Moyoni nilikuwa nasoma Suratul-Ikhlas, na kusema kweli sijapata kuisoma kwa kuielewa kama siku ile. Sisi tuliozaliwa Waislamu tunasema Allah hafanani na chochote, tukiwa tumekaa mahali ambapo hakuna chochote cha kumfananisha naye. Pale nilikuwa natazama bibi mzee akiliosha jiwe kwa maziwa kwa upole kama anavyooshwa mtoto, na nikajua kwa nini Mitume walilia kwa ajili ya watu wao. Sikuona cha kuchekea. Na lau ningetaka kucheka, Suratul-An'aam aya ya 108 imetukataza kuvitukana wanavyoviabudu wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga. Amri hiyo haikushuka kuhusu makanisa. Ilishuka kuhusu masanamu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Nilipomsalimia alinishika mkono akauvuta karibu na macho yake, kana kwamba angeutambua. "Wewe ni mtoto wa yule wa kilemba," akasema. "Alikuwa akija Jumatatu, nikimpa peremende za hapa mezani kwa mungu wangu, hali. Anaziweka mfukoni kwa adabu, akitoka nje anampa mchukuzi. Alidhani sioni."

Nikacheka, na yeye akacheka. Kijana akapitisha sahani ya vyakula vilivyokwisha wekwa mbele ya sanamu, nikasema samahani, nimefunga. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yenyewe, na mzee alilijua hilo. "Hata usingefunga usingekula, mwanangu. Usione haya." Basi nikaona haya zaidi. Baba aliiweka peremende mfukoni. Mimi nilijificha nyuma ya saumu yangu. Ningeweza kumwambia kwa heshima kwamba dini yangu hainiruhusu, na mzee wa umri ule asingevunjika moyo.

Nikatoa daftari. Nikamsomea orodha. Alisikiliza kanga doti sita akatikisa kichwa, akanitajia rangi zake. Kisha nikatoa pesa. Hapa pana suala la fiqhi ambalo wafanyabiashara wengi wananiuliza: deni la fedha hulipwa kwa idadi au kwa thamani? Sh. 84,600 za 1993 zilijaza lori nusu. Leo hazinunui hata mfuko mmoja wa sukari wa kilo hamsini. Kauli ya wengi katika wanavyuoni ni kwamba hulipwa idadi ile ile, na mdai hana haki ya kushurutisha zaidi, kwa sababu ziada ya kushurutisha ni riba. Lakini mdaiwa akiongeza kwa hiari yake bila masharti, hiyo ni katika ulipaji mwema, Mtume (s.a.w.) aliazima ngamia kijana akalipa aliye bora kuliko yule. Nilihesabu kwanza 84,600, nikasema hili ndilo deni. Kisha nikatoa nyingine hadi zikatimia laki tano, nikasema hizi ni zangu kwako.

Mzee akazigusa tu. Akasema, "Mimi pesa za nini tena? Tia pale." Akaonyesha sanduku la sadaka lililokuwa mbele ya jiwe lao.

Ndugu msomaji, hapo nilitokwa na jasho. Watu wote wanatazama. Mzee hakuwa na nia ya kunitega, alikuwa anatoa mali yake kwa dini yake. Ila mkono ungekuwa wangu. Suratul-Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi, na kwa Muislamu hakuna dhambi kubwa kuliko ile iliyokuwa ikitendeka mbele ya sanduku lile. Nikikataa, je, nimekataa kulipa deni? Nikikubali, nimelipa deni la baba kwa kuchangia kinachobatilisha imani ya baba.

Nilimwambia ukweli, safari hii bila kujificha. Nilisema: mzee wangu, pesa hizi ni zako, na ukishazipokea hakuna mwenye haki ya kukuuliza unazipeleka wapi. Lakini mimi siwezi kuzitia pale kwa mkono wangu, dini yangu inanizuia. Naomba unyooshe mkono uzipokee, ili baba yangu asidaiwe.

Kukawa kimya, ila yale matone. Kisha mzee akanyoosha mikono yote miwili, akazipokea, akazishika kifuani kidogo. Akampa mpwa wake, na mpwa ndiye aliyekwenda kuzitia. Sikumtazama akizitia. Ilikuwa mali yake.

Sasa nirudi kwa kijana wetu na swali lake la India. Anachokisema si uongo. Msikiti wa Babri ulivunjwa tarehe 6 Desemba 1992, na katika ghasia zilizofuata watu wapatao elfu mbili waliuawa, wengi wao Waislamu. Gujarat, ambako ndiko asili ya Wahindu wengi wa Zanzibar, mwaka 2002 waliuawa zaidi ya elfu moja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya India ilisema kuvunjwa kwa Babri kulikuwa kinyume cha sheria, kisha ikawapa Wahindu kiwanja, na Januari 22, 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua hekalu juu yake. Huko Varanasi, Msikiti wa Gyanvapi umepakana na hekalu kubwa la Shiva, na mwezi huo huo wa Januari 2024 mahakama iliruhusu ibada ya Kihindu katika chumba cha chini cha msikiti. Mwenye imani lazima aumie kwa hayo.

Lakini mzee wa Songea alivunja msikiti gani? Na kama hesabu ni za karne kwa karne, naye angeweza kunitajia Somnath, hekalu la Shiva pwani ya Gujarat, lililovunjwa na Mahmud wa Ghazni mwaka 1026. Hakunitajia. Ningemjibu nini? Ningejitetea kwa Muhammad bin Qasim, aliyeifungua Sindh mwaka 712 na kuyaacha mahekalu ya huko, akiyaweka katika hukumu moja na makanisa na masinagogi? Ningefanya hivyo, naye angekuwa na haki ya kuniuliza ni yupi kati ya hao wawili tunayemfuata.

Kijana wetu anaijua Suratul-Maida aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Aongeze na usiku wa Hijra. Maquraish wamezunguka nyumba na panga kumuua Mtume (s.a.w.). Ni waabudu masanamu, na Al-Kaaba yenyewe wameijaza masanamu. Na ndani ya nyumba ile ile zimo amana zao, kwa sababu hawakumwamini mtu mwingine Makka. Ali (r.a.) aliachwa nyuma, katika hatari ile, ili arudishe amana kwa wenyewe mmoja mmoja. Hakuambiwa azizuie mpaka wao waache kutesa Waislamu. Hakuambiwa zimekufa. Alikaa siku tatu akirudisha, ndipo akafuata Madina kwa miguu. Mimi niliyechelewa miaka sita sina la kumwambia Ali.

Kabla sijaondoka mzee aliomba daftari. Herufi za baba hakuzijua. Aliomba kalamu, akainamia karatasi karibu kugusa kwa pua, akaandika mstari mmoja wa Kigujarati kando ya ile jumla, akatia saini. Niliporudi Dar es Salaam nilimwomba muuza vitambaa mmoja wa mtaani Kisutu anisomee. Limeandikwa: limekwisha, na tarehe.

Daftari nimelirudisha Kitura kwa basi. Aliyelipokea stendi ya Mbinga ni mdogo wangu, yule aliyesema deni limekufa. Alinipigia usiku akaniuliza kama katika kurasa za nyuma kuna jina jingine.